Mululuza inalinda ini kweli? Wanapimaje?

Mtoto wa Bombo: Wadau salama? Kaka yangu wamemkuta na hepatitisi B, virusi vya ini, macho manjano kabisa, sasa jaja, bibi yetu, kila asubuhi anafikicha majani ya mululuza, ule mti mchungu, kwenye beseni mpaka povu la kijani litoke, anamnywesha kikombe kizima. Anasema wasomi walishaipima kwa panya ikalinda ini. Ni kweli?

Mzee wa Panya: Kupimwa imepimwa, kuna wa Nigeria walitoa matokeo 2006. Nimewahi kufanya kazi hizo maabara. Majani unayakausha kivulini, unasaga, unaloweka, unachuja, unakausha tena mpaka ubaki na unga. Panya unawagawa makundi, hawa maji tu, hawa sumu tu, hawa silimarini, dawa ya ini ya kulinganishia, waliobaki dozi tofauti za mti wako. Sumu mara nyingi ni parasetamoli, hiyohiyo ya dukani ila nyingi kupita kiasi. Halafu unatoa damu unapima ALT na AST, hivyo vimeng'enya makao yake ni ndani ya seli za ini, ukivikuta vimejaa kwenye damu ujue seli zimepasuka. Mwisho unakata kipande cha ini unatazama kwa hadubini.

Nesi Arua: Sawa mzee, ila hao panya wameharibiwa na parasetamoli, si virusi! Tena mara nyingi dawa wanapewa siku kadhaa KABLA ya sumu. Huyu kaka tayari anaumwa.

Mzee wa Panya: Hapo umenena. Na kuna mtego mwingine, parasetamoli haiui ini mpaka ini lenyewe liigeuze kitu kinaitwa NAPQI, kikimaliza glutathioni, ile kinga ya ini dhidi ya sumu, ndio balaa. Mti ukizuia tu huko kugeuza, ALT inabaki chini na wewe unashangilia eti dawa imetibu, kumbe sumu haikutengenezwa!

Mtoto wa Bombo: Sasa jaja nitamwambiaje jamani, huyu hata imamu hamuwezi

Nesi Arua: Usigombane naye. Kaka aende hospitali leo, manjano ya macho si ya kungoja. Wapime ini na wingi wa virusi, daktari ndiye ataamua kama anaanza tenofoviri, dawa ya kuzuia hivyo virusi, na msimfiche habari ya mululuza. Nyie wa nyumbani mpimwe pia, asiye nayo achanjwe, chanjo ya watoto hapa Uganda imeanza 2002 kwa hiyo nyie wakubwa msijihesabu kuwa mmechanjwa.

Mtoto wa Bombo: Jaja kakubali bana. Ila naye anapanda matatu, kabeba chupa ya mululuza anasema daktari aionje kwanza 😂