Grupu lenu la marafiki bado linachangamka? Tupeane uzoefu

Mleta uzi
Wadau, poleni na majukumu. Nina grupu la marafiki wa siku nyingi. Zamani ukiacha simu nusu saa unakuta jumbe mia. Siku hizi ni "heri ya kuzaliwa" mfululizo, halafu kimya mpaka mwingine azaliwe. Hakuna aliyelefti, hakuna aliyegombana na mtu, na ukiangalia taarifa za ujumbe unaona wote wamesoma. Wapo, wanachungulia tu.

Wenye magrupu yaliyodumu na bado yana raha, tuambieni mlifanya nini. Na kama lenu lilikufa, liliuawa na nini? Leteni mliyoyaona wenyewe, ushauri wa jumla tunao wa kutosha.

Kengele
Letu lilifufuka tulipoachana na "mambo vipi wana grupu?" Swali la wote halina mwenyewe, kila mtu anajua fulani atajibu. Bibb Latané na John Darley walilionyesha hili mwaka 1968 kwenye majaribio mazito kuliko soga zetu: watu wakiwa wengi, kila mmoja anamwachia mwenzake, hata pale mtu anapohitaji msaada wa haraka.

Sasa tunamtaja mtu na kumuuliza kitu kimoja chenye jibu. "Wewe, kwenye usaili wa jana walikuuliza swali gani la ajabu?" Akasimulia kwamba aliulizwa angependa kuwa mnyama gani, akajibu konokono kwa kiwewe tu. Hapo hapo yule ambaye huwa haandiki akaibuka na kisa cha bosi aliyesinzia katikati ya usaili, na usiku ule hatukulala mapema.

Angalizo: usimtaje mtu kwa jambo ambalo mwenyewe hajalitoa hadharani. Ukisikia kaachwa, hilo mfuate inboksi.

Mpita Njia
Letu liliuawa na mafowadi. Nimemaliza.

Mleta uzi
@Mpita Njia hujamaliza, tusimulie.

Mpita Njia
Haya. Ukifungua unakutana na dawa ya kila ugonjwa, onyo la kutuma kwa watu kumi, na video isiyo na kichwa wala miguu. Mwenzetu mmoja alituma asubuhi video ya mwanawe akipiga hatua za kwanza. Kabla ya saa sita ilishafunikwa na mafowadi ya watu wawili wasiolala. Hakupata hata kidole gumba. Toka siku ile hakutuma tena kitu chochote cha nyumbani kwake, na wengine nao wakaanza kubana. Mafowadi yakabaki yanaongea yenyewe.

Dada Mkubwa
Sisi tuliliona hilo mapema. Sharti letu: chenye mishale miwili hakiingii. WhatsApp huweka ile mishale kwenye ujumbe uliopita mikononi mwa watu wengi, kwa hiyo hakuna ubishi wa nani kaanza. Ukitaka kuleta, andika juu yake kwa maneno yako kwa nini unatuletea sisi. Utashangaa ni mangapi hayaletwi kabisa mtu akidaiwa sentensi moja.

Popo wa Zamu
Naomba niwasemee wanaochungulia, maana ni mimi. Jakob Nielsen aliandika mwaka 2006 kwamba kwenye jumuiya nyingi za mtandaoni takriban asilimia 90 husoma tu, 9 huchangia kwa nadra, na 1 ndiyo hubeba karibu kila kitu. Alikuwa anazungumzia jumuiya kubwa, lakini hata kwenye grupu la watu wachache wanaojuana mgawanyo wa namna hiyo unauona.

Nafanya kazi usiku. Nikishika simu alfajiri, stori imeshaanza, imenoga na imeisha. Nikijibu ya jana naona nawarudisha watu nyuma, basi nacheka peke yangu na kuweka simu chini. Kilichonirudisha ni rafiki mmoja mwenye tabia ya kunukuu nilichoandika saa tisa usiku, hata ikifika mchana, na kukijibu kana kwamba nimekisema sasa hivi. Stori inaanza upya na wengine wanaidandia. Mwenyewe hajui kama ananisaidia, na simwambii asije akaanza kujilazimisha.

Mzee wa Stika
Ratiba ndiyo sumu. "Jumatatu picha za zamani, Jumatano vichekesho, Ijumaa chemshabongo." Wiki ya kwanza tamu, ya pili watu wanatega, ya tatu admini anajibu chemshabongo yake mwenyewe.

Kilichodumu kwetu hakina siku. Mtu yeyote akiandika "uko wapi?", kila aliyeona anapiga picha ya kilicho mbele yake, bila kupanga na bila maelezo. Tumeona dari ya chumba cha daktari wa meno, foleni isiyosogea, mguu wa mtoto aliyelala juu ya kompyuta. Picha mbovu zote, na ndizo zinazozaa maswali. Hakuna aliyewahi kuuliza swali juu ya picha nzuri ya mtu.

Kengele
@Mzee wa Stika hiyo ya "uko wapi" naiiba leo leo.

Dada Mkubwa
Jingine: mambo ya fedha na mipango ya safari yapewe grupu lake, lifutwe kazi ikiisha. Mtu anayedaiwa haingii kwenye grupu kucheka. Na kwenye kupanga kukutana, msiulize "lini wote mna nafasi", maana siku hiyo haipo. Tunapiga kura ya tarehe mbili tu, yenye wengi inashinda, anayekosa ataona picha.

Mpita Njia
Na vois je? Kuna mtu wetu hatumi chini ya dakika sita.

Mzee wa Stika
Vois ndiyo roho ya grupu, kicheko cha mtu hakiandikiki. Na tangu 2021 unaweza kuisikiliza kwa kasi ya mara mbili.

Mpita Njia
Huyu wetu anaongea haraka. Ukimwongezea kasi anageuka cherehani.

Popo wa Zamu
Basi mwambieni atangulize mstari mmoja: "hii ni ya yule jirani, isikilizeni mkiwa peke yenu." Sisi tulipoanza hivyo, hata wavivu wa kusikiliza wanasikiliza, hasa ikisemwa wasisikilize mbele ya watu.

Mleta uzi
Nashukuru wote. Swali la mwisho: aliyelefti kimya kimya, arudishwe?

Dada Mkubwa
Tangu 2022 kwenye WhatsApp mtu akitoka wanaojulishwa ni maadmini tu, kwa hiyo admini usikimbilie kumtangaza wala kumrudisha kwa nguvu. Mpigie. Tulimpigia mmoja tukidhani kanuna, kumbe simu yake ilikuwa imejaa na alikuwa anafuta kila kitu. Alirudi jioni ile ile, na swali lake la kwanza lilikuwa nani kamsengenya.