Je, bakteria wa soya wanaifaa mikunde ya asili ya prairi?

Swali
Habari za kazi, ndugu zangu. Ninaishi Iowa, Marekani, nami nimo katika kikundi kinachorudisha nyasi na maua ya asili ya prairi (mbuga za nyasi za Amerika Kaskazini) kwenye ekari 3 zilizolimwa mahindi na soya kwa miaka mingi. Mwezi Mei tulipanda Dalea purpurea na Amorpha canescens, zote za jamii ya mikunde, baada ya kupaka mbegu unga wa bakteria wa soya tuliobakiwa nao. Miche imeota, lakini imedumaa na majani yamegeuka njano. Je, tuweke mbolea ya naitrojeni?

Jibu la kwanza
Poleni kwa kazi. Mbolea msiiweke kabisa, kwa sababu mkunde ukikuta naitrojeni tele udongoni hauhangaiki kutengeneza vinundu, yaani vile vivimbe vya mizizini ambamo bakteria huupatia mmea naitrojeni ya hewani, na magugu ndiyo yatakayoneemeka. Wasiwasi wangu uko kwenye ule unga. Soya hushirikiana na bakteria aitwaye Bradyrhizobium japonicum, ilhali Dalea hupokea rizobia (bakteria wa vinundu) wengine. Mzizi na bakteria hutambuana kwa kemikali kwanza, na wasipopatana kinundu hakitokei, au hutokea kisicho na kazi. Chimbua mche pamoja na udongo wake, osha mizizi taratibu, kisha pasua kinundu kwa wembe. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinafanya kazi: rangi hiyo ni ya protini inayofanana na himoglobini ya damu yetu, ambayo huwapimia bakteria oksijeni.

Muulizaji
Nashukuru sana, mkuu. Leo asubuhi nimechimbua miche 4 ya Dalea. Mitatu haina kinundu hata kimoja. Wa nne unavyo viwili, vidogo kama punje za ulezi, vyeupe ndani.

Jibu la pili
Basi tatizo limeonekana. Kwa mbegu zijazo, agizeni bakteria waliotajwa waziwazi kuwa wa Dalea, na wa Amorpha kando. Wapakeni kivulini, kwa maji yasiyo na klorini, na mpande siku hiyohiyo, maana ni viumbe hai na jua huwaua. Mkiwakosa, ombeni ruhusa kwa mwenye kipande cha prairi kisichowahi kulimwa, mchukue udongo kidogo chini ya Dalea yenyewe. Nasema kidogo, kwa kuwa prairi iliyosalia Iowa haifiki hata asilimia 1 ya ile ya zamani. Miche iliyopo msiing'oe. Amorpha hutumia miaka kadhaa kujenga mizizi kabla ya kuchanua, kwa hiyo ufupi wake wa sasa usiwavunje moyo.