Morel hakufika Kongo: aliyajuaje ya huko?

Mwalimu wa Mikindani
Ndugu zangu, ninasimamia klabu ya uandishi wa habari katika shule moja ya sekondari hapa Mtwara. Wiki iliyopita tulisoma habari za E. D. Morel, mwandishi aliyeongoza harakati za Uingereza dhidi ya ukatili wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji katika Kongo, na mwanafunzi mmoja akaniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri: mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Kongo aliyajuaje ya huko, na kwa nini tumwamini?

Karani Mstaafu, Shangani
Mwalimu, aliyajua kwa hesabu. Morel alikuwa karani wa Elder Dempster, kampuni ya meli ya Liverpool iliyosafirisha mizigo ya Kongo, na kwa kuwa alijua Kifaransa alitumwa mara kwa mara Antwerp, bandari ya Ubelgiji. Huko aliona meli zikishusha mpira na pembe za ndovu kwa wingi, lakini zilipogeuza safari zilipakia zaidi bunduki na risasi, na bidhaa za kubadilishana na wenyeji karibu hazikuwamo. Sisi tuliokulia kwenye korosho tunalielewa hili upesi: mkulima akifikisha gunia ghalani hupewa stakabadhi, na baada ya mnada hudai fedha yake; gunia likiondoka naye asipate chochote, basi ama ameibiwa ama amelazimishwa. Morel alitambua kwamba mpira ule ulitolewa kwa nguvu. Aliacha kazi mwaka 1901, na mwaka 1903 akaanzisha gazeti lake, West African Mail. Nimehesabu mizigo bandarini miaka mingi, na ninaamini kabisa kwamba karani makini huona hata kile ambacho hakikupakiwa.

Binti wa Nachingwea
Shikamoo babu. Naongeza kwa heshima kwamba hesabu peke yake zisingetosha. Roger Casement, konsuli wa Uingereza, alisafiri ndani ya Kongo mwaka 1903, na ripoti yake ilipotoka mwaka 1904, yeye na Morel walishirikiana kuanzisha Chama cha Mageuzi ya Kongo. Mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala, baba aliyeketi akiutazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, vilivyokatwa na walinzi wa kampuni ya mpira. Wakongo wenyewe pia walisema: mbele ya tume ya uchunguzi iliyoundwa na Leopold mwenyewe, Chifu Lontulu wa Bolima aliweka mezani vijiti 110, kimoja kwa kila mtu wake aliyeuawa. Mimi ningewaanzisha wanafunzi na vijiti vile, kabla ya jina la Morel.

Mwana Kilwa
Mwalimu, usiwafiche na hili, ambalo mimi nililisoma kwa uchungu. Mwaka 1920 Morel huyo huyo aliwaandika askari Waafrika wa jeshi la Ufaransa waliokuwa Ujerumani kwa maneno ya ubaguzi mkubwa, akiwasingizia tamaa za kinyama. Hesabu zake za Antwerp zinabaki kuwa kweli, lakini maandishi hayo ya baadaye hayakuwa na ushahidi wa namna ile.

Mwalimu wa Mikindani
Nawashukuru sana. Kipindi kijacho nitawapa wanafunzi orodha mbili, ya vilivyoshushwa na ya vilivyopakiwa, bila kutaja nchi wala mwaka, nione nani atauliza kwanza malipo yako wapi. Vijiti vya Chifu Lontulu vitafuata siku hiyo hiyo.