Ushauri: Kyalami naijua kwenye simuleta, mwezi ujao naingia yenyewe. Itanisaidia?

Kona_Kali (mtoa mada): Wakuu, poleni na mihangaiko. Mimi ni mkazi wa Kimara. Kwa miaka kadhaa naendesha simuleta (gemu la mbio za magari) chumbani. Usukani wa Logitech G29 nimeufunga kwenye meza, pedali nimezibana ukutani zisiteleze nikikanyaga breki. Uwanja wa mbio niliouzoea ni Kyalami, ule wa karibu na Johannesburg, wa kilomita 4.5. Mwezi ujao nina safari ya huko, na kuna siku watu wa kawaida wanaruhusiwa kuingia na magari. Walioendesha uwanja halisi naomba mniambie: ya kwenye kioo yanahamia kwenye gari au naanza upya? Usingizi sipati.

Mtoto_wa_Temeke: Kaka nauli yote hiyo ya nini? Njoo Mbezi Mwisho jioni uone bodaboda wanavyolala kwenye kona.

Pistoni_Mzee: Mdogo wangu, nimefanya kazi Gauteng, mkoa wenye Johannesburg, na pale nimeingia. Kitakachohamia ni kichwa. Utajua kona inayofuata, utajua pa kuanzia kukanyaga breki, na macho yatatangulia mbele badala ya kuganda kwenye boneti. Si jambo dogo, wengi siku ya kwanza wanaimaliza wanatafuta njia tu. Kisichohamia ni mwili. Kona ya Mineshaft kwenye kioo ni kamteremko, ukiwa ndani ya gari tumbo linabaki juu. Nyuma ikianza kuteleza, kiti ndicho kinakwambia kabla ya macho. Kwenye simuleta unasubiri kuona na kuusikia usukani, ukichelewa unabonyeza kitufe unaanza tena. Unaenda na gari gani?

Kona_Kali: Shikamoo mzee, nashukuru sana. Ni Polo ya gia za mkono, ipo huko huko. Upepo wa tairi niweke kiasi gani?

Kijana_wa_Gemu: Wazee msimkatishe tamaa. Jann Mardenborough alishinda GT Academy, shindano la kutafuta madereva kutoka kwa wacheza gemu, mwaka 2011, na 2013 akashika nafasi ya tatu katika daraja la LMP2 kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Kabla yake Lucas Ordóñez alipita mlango huo huo mwaka 2008. Mimi mwenyewe nilipoanza kucheza nilikuwa siwezi hata kurudi rivasi, leo napaki Kariakoo bila kuita mtu.

Pistoni_Mzee: Hao walichukuliwa wakafundishwa kwenye magari halisi kwanza, hawakutoka kitandani wakaenda Le Mans. Na huyo huyo Mardenborough, Machi 2015 pale uwanja wa Nürburgring, Ujerumani, gari lilipaa likavuka uzio na mtazamaji mmoja akafa. Alikuwa ameshazoea kazi. Upepo: pima tairi likiwa la moto, maana unapanda ukizunguka. Hujajibu gari ni la nani.

Mama_Wawili: Na mimi nasubiri hilo. Polo "ipo huko huko" inamilikiwa na nani?

Kona_Kali: Ya binamu yangu.

Mama_Wawili: Anajua inaenda uwanjani?

Kona_Kali: Mama, ngoja nieleze. Binamu anaifanyia teksi ya mtandaoni. Nimemwambia naiazima siku moja nikatembee Pretoria. Lakini tiketi ya ndege nimeshakata na ada ya uwanja nimeshalipa, hairudishwi. Haya si mashindano, kupitana kuna utaratibu wake. Nitaendesha kwa asilimia sabini tu. Asubuhi natoka nayo, jioni narudisha imeoshwa na tangi limejaa.

Mama_Wawili: Mwanangu, hiyo ni sahani ya watoto wa mwenzio. Bima nyingi hazilipi ajali ya kwenye uwanja wa mbio. Ikigonga ukuta atakula nini?

Sheikh_wa_Barabara: Amana ni amana. Vijana wa siku hizi mnakosa hofu. Mimi gari la shemeji nilikuwa siliwashi hata redio.

Fundi_Gerezani: Asilimia sabini utaipimaje wakati mia moja huijui? Mimi niongelee breki. Umewahi kuteremka Kitonga nyuma ya lori ukasikia ile harufu ya kuungua? Ndiyo hiyo, na uwanjani unarudia kila mzunguko. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya yanachemka kuanzia nyuzi 230, yakishanywa unyevu yanachemka mapema zaidi. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa, pedali inazama mpaka chini. Teksi ya kutwa nzima, unajua mafuta yake yalibadilishwa lini?

Mpelelezi_255: Wakuu mnakunywa chai. Kimara, Johannesburg, Polo ya binamu? Mtoa mada, jibu haraka bila kugoogle: ukitoka kona ya Leeukop unakutana na nini, na uwanja unazunguka upande gani?

Kijana_wa_Gemu: Na mimi nimeanza kunusa tangawizi.

Kona_Kali: Kinyume cha saa. Ukitoka Leeukop unashuka Mineshaft, halafu Crocodiles. Sina sababu ya kutunga, kaka.

Mpelelezi_255: Hayo yapo kwenye gemu. Weka picha ya tiketi, ficha jina.

Pistoni_Mzee: Majibu ni sahihi, mwacheni. Kijana, ada umeshalipa, basi ingia kwa miguu. Waulize kama kuna gari la kukodi lenye mwalimu pembeni. Au mwambie binamu yako ukweli, aamue mwenyewe.

Kona_Kali: Kukodi bei sitaiweza. Nikimwambia atakataa, namjua. Fundi, nikibadilisha mafuta ya breki kwa hela yangu kabla ya kuingia, si inatosha?

Fundi_Gerezani: Mafuta atayakuta mapya, pedi atazikuta zimekwisha. Na kesho yake alfajiri ana abiria.

Mtoto_wa_Temeke: Samahani wakuu, huo usukani mwenyewe akisafiri anaukodisha?