Mshauri wa saikolojia kanipa karatasi ya kusaini, ni kawaida?

Mchana_Nyavu: Heshima kwenu wakuu. Mtumbwi wetu wa dagaa ulizama usiku wa giza, mwenzetu mmoja hakurudi. Tangu hapo nikisikia injini natetemeka. Nimepata mshauri hapa Mwanza. Kanipa kurasa mbili: kikao dakika 50, ada, siri, ukikosa bila taarifa unalipa. Nisaini?

Mama Nyegezi: Pole mwanangu. Nilipofiwa, wamama walilala nami mkekani mpaka arobaini, hakuna aliyenipa kalamu. Mrudie Mungu.

Ngosha wa Igoma: Ni kawaida, na inakulinda. Siri huvunjwa ukiwa hatarini kujidhuru au kumdhuru mtu, au mahakama ikiamuru. Kipengele gani kinakusumbua?

Mchana_Nyavu: Hakuna. Nauliza tu.

Ngosha wa Igoma: Mkuu, saa nane usiku hii hukuamka kwa ajili ya dakika 50.

Mchana_Nyavu: Anayelipa ni tajiri mwenye mtumbwi. Kipengele cha tano kinasema mlipaji atapewa taarifa ya maendeleo. Nimeshasaini. Msinilaumu, ndiye aliyegharamia msiba.

Mama Nyegezi: Umesaini halafu unauliza? Vijana!

Kasia: Hii chai. Nimevua Ukerewe miaka 12, ukizama unapewa nauli ya kurudi kwenu. Tajiri gani akulipie mshauri?

Mchana_Nyavu: Anayetaka kujua nasema nini. Hatukuwa na maboya hata moja, na nimeshamwambia mshauri. Jana tajiri kaniuliza, "Huko mnaongea nini?" Lakini nikijitoa, kazi sina.

Ngosha wa Igoma: Hapo sasa. Usijitoe, badilisha kipengele. Habari za afya ni taarifa nyeti kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022: zinahitaji ridhaa yako ya maandishi, na ridhaa unaweza kuiondoa muda wowote bila kutoa sababu. Mwandikie mshauri leo, kabla hajatuma chochote: mlipaji apewe risiti na tarehe ulizohudhuria, basi. Baki na nakala.

Mchana_Nyavu: Wabeja. Nitaandika. Ila tajiri atajua nimeficha kitu.

Kasia: Mimi bado. Ulimwona huyo mwenzako akizama?

Mchana_Nyavu: Nilimshika mkono. Sweta ndiyo iliyobaki kwangu, ya kijani, kiwiko kimeshonwa kwa uzi wa nyavu. Mama yake anaiulizia. Sijampelekea.

Kasia: Nisamehe ndugu yangu.