Fundi wa "gari za Ulaya", Polo yangu ya 2011, na ile kauli ya CHENI YA BAISKELI

Binti Mlandizi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni, ingawa yangu si njema hata kidogo. Naandika mikono inatetemeka, chai imepoa mezani, wali jikoni umeshika ukoko na sijali.

Mnamjua yule fundi. Sina haja ya kumtaja. Yule wa "sisi hapa ni gari za Ulaya tu", mwenye ovaroli jeupe ambalo halijawahi kukutana na tone la oili, anayetembea na funguo kiunoni kama askari jela. Huyo huyo.

Leo asubuhi nimempelekea Volkswagen Polo yangu. Ya 2011, 1.2 TSI, yaani ya petroli yenye turbo, ilitoka Japani, huu mwaka wa 4 niko nayo. Wiki hii nikiiwasha alfajiri injini ikiwa baridi inalia krrrrr, sekunde mbili tatu, kisha inatulia. Nimesoma, nimeuliza, najua ni nini: cheni ya taimingi, ile inayofanya valvu zifunguke kwa wakati wake, imeanza kulegea, na kitabu cha sevisi kinaonyesha wazi kwamba aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa anapitiliza muda wa kubadilisha oili. Nikamwambia kwa adabu zote nilizofundwa na bibi yangu, "Fundi, naomba uniangalizie cheni na tenshena yake, ile inayoikaza."

Akaomba kadi ya gari. Akasoma cc 1197. Akaingia ndani, akatoka na boksi lina mkanda mpya, eti hii ndiyo taimingi ya 1.2, laki mbili na nusu, hela ya ufundi mbali. Nikasema fundi, hii gari haina mkanda, ina cheni.

Wakuu. Yule mtu akautoa mkanda kwenye boksi, akauvaa shingoni kama skafu ya mpira, akawageukia watu waliokaa kwenye benchi. Kuna mzee wa watu pale, kuna mama lishe na sinia lake la vitumbua, kuna kijana wa bajaji ambaye hata gari hakuleta. Akasema kwa sauti ya mnadani: "Huyu mama anasema gari yake ina cheni. CHENI YA BAISKELI?"

Benchi zima likacheka. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mama lishe aliweka sinia chini ili apate nafasi ya kucheka vizuri. Nina hakika na meli zilizotia nanga bandarini zilipiga honi.

Nikafungua boneti mwenyewe. Nikamwonyesha: turbo hii hapa mbele, nyuma ya rejeta. Kuna 1.2 TSI nyingine ya baadaye, ya mkanda, hiyo imegeuzwa, turbo yake iko nyuma, upande wa dashibodi. Huhitaji kompyuta, unahitaji macho mawili, hata moja linatosha. Akanijibu, "Mama, kaa kwenye benchi." Benchi lile lile lililonicheka!

Sikukaa. Nimeondoka na gari yangu, nimeendesha mpaka nyumbani sijawasha hata redio. Kila taa nyekundu nilikuwa naisikia. Cheni ya baiskeli. Mbele ya vitumbua. CHENI YA BAISKELI!

Kiti_Cha_Mbele

Nimeshavuta kiti. Picha ya mkanda shingoni tafadhali.

Mjapani Daima

Dada pole, ila ungenunua Toyota IST kama wenzako saa hizi ungekuwa umelala. Gari za Ulaya mnazitaka wenyewe.

Binti Mlandizi

Mjapani Daima, injini ya IST yako nayo inatumia cheni ya taimingi. Nenda kamwulize fundi wako. Tena uombe asikuulize kama ni ya baiskeli.

Mjapani Daima

Yangu haijawahi kulia.

Mzee wa Boneti

Dada uko sahihi, na kosa la yule bwana namjua vizuri analirudia kila siku: anasoma cc, hasomi mwaka.

Polo ina vizazi 6 tangu 1975. Ile ya kwanza ilikuwa ndugu wa Audi 50, injini ndogo kabisa ya cc 895, nguvu za farasi 40, mlima Kitonga ingepanda huku abiria wanatembea pembeni wanaipigia stori. Kizazi cha 2, 1981, ndicho kilichozaa G40: injini ya 1.3 iliyofungwa supachaja, pampu ya hewa inayozungushwa na injini yenyewe, ikatoa farasi 113 kwenye kigari chepesi kama sufuria. Cha 3 ni cha 1994. Huko kote nani alikuwa anagombana? Ukisema unataka mkanda, unapewa mkanda.

Balaa la 1.2 limeanza kizazi cha 4, kile cha 2001 kilichokuja na taa nne za duara. 1.2 ya humo ni silinda 3, haina turbo, cc 1198, na ni ya CHENI. Kikaja cha 5 mwaka 2009, na humo ikapatikana 1.2 TSI: silinda 4, turbo, valvu 8, cc 1197, farasi 105. CHENI. Ndiyo ya dada. Halafu 2014 kizazi hicho hicho cha 5 kikapigwa msasa, ndani ikawekwa injini ya ukoo mwingine kabisa. Nayo ni 1.2 TSI, nayo silinda 4, nayo turbo, nayo cc 1197, ila ina valvu 16 na ni ya MKANDA.

Mmeuona mtego? Kadi zote mbili zinasoma 1197. Nyuma zote zimeandikwa TSI. Ukizipaki pamoja jioni hata mwenye gari anaweza kufungua isiyo yake. Sasa mtu anayejiita bingwa wa Ulaya anauza spea kwa kusoma kadi! Mwaka wa gari na herufi za injini, basi, dakika moja. Kizazi cha 6 cha 2017 kimekuja na 1.0 ya silinda 3, nayo ni mkanda, huko ndiko angeenda kuvaa skafu zake.

Na dada, ile krrrrr usiichezee. Cheni ikiruka meno, valvu na pistoni zinakutana, na hapo hutatafuta fundi, utatafuta injini.

Phoenix ya Babu

Mzee wa Boneti katoa mhadhara wa chuo kikuu, mimi bado niko kwenye baiskeli. Dada, ina kengele? Ina karia ya kubebea mkaa?

Kiti_Cha_Mbele

😂😂😂 Polo 1.2 Phoenix, silinda 2, kanyagio 2.

Binti Mlandizi

Chekeni. Yeye alicheka hivyo hivyo, mkanda shingoni. Mtu nimempelekea sevisi miaka 3, nimempelekea shemeji yangu, nimempelekea jirani mwenye Golf, leo ananiambia cheni ya baiskeli mbele ya mama lishe ambaye kesho nanunua vitumbua kwake!

Gia ya Saba

Wewe umetukanwa tu, hujamwaga hela. Nisikilizeni mimi. Yangu ni 1.2 TSI kama ya dada, gia boksi ni ile DSG ya gia 7 yenye klachi mbili kavu. Nikaenda kwa fundi mwingine, si huyo wenu wa skafu, wangu ana kigari cha kukokota na kelele nyingi. Anataka kunimwagia oili ya automatiki ya kawaida. Namwambia hii si ile 1.6 ya zamani ya kizazi cha 4 yenye automatiki ya gia 6, hii kimsingi ni gia boksi ya manyuo inayobadilishwa gia na kompyuta, oili yake ni nyingine, na sehemu ya umeme inayoongoza klachi ina oili yake ya peke yake. Akasema "gia boksi ni gia boksi, braza". Nikaenda kununua maji ya kunywa. NIMERUDI AMESHAMWAGA.

Siku tatu baadaye niko Mwenge kwenye foleni ya jioni, gari inatetemeka kama ina malaria. Baiskeli ni nini mbele ya hilo?

Kahawa Chungu

Gia ya Saba, wewe ni mzembe. Nani anaacha gari kwa fundi akaenda kununua maji?

Gia ya Saba

Kulikuwa na jua.

Mtu wa Ngong

Huku Nairobi tuna yetu. Nina Polo Vivo ya 2017, zile zilizoanza kuunganishwa Thika mwisho wa 2016. Naenda kwa jamaa wa spea, anauliza mwaka, namwambia 2017, ananipa vitu vya Polo ya 2015. Nimefika kwa makanika, hakuna kinachoingia. Kumbe Vivo ya wakati ule ni kizazi cha 4, mwili ule wa zamani, haina turbo wala TSI. Narudi kwa jamaa, ananiambia bidhaa ikitoka dukani hairudi. Mzee wa Boneti anasema someni mwaka. Mimi nilisoma mwaka na nikapigwa vilevile!

Mzee wa Boneti

Vivo lazima useme VIVO, ndugu yangu. Mwaka wake ni wa kiwanda, injini na mwili ni wa kaka yake mkubwa. Kuanzia 2018 ndipo ilipohamia mwili wa kizazi cha 5.

Mwana GTI

Nyie na 1.2 zenu. GTI, ile Polo ya mbio, ya kizazi cha 5 ilianza na 1.4 yenye supachaja NA turbo kwa pamoja, farasi 180. Ikabadilishwa kuwa 1.8, farasi 192. Kizazi cha 6 ni 2.0, farasi 200. Hapo ndipo tuzungumze injini.

Kahawa Chungu

Ile 1.4 ya 180 tuzungumze injini au tuzungumze oili inazokunywa? Binamu yangu anatembea na galoni kwenye buti kama muuza mafuta ya taa.

Mwana GTI

Binamu yako hajui kuchagua oili.

Kahawa Chungu

Usimtukane binamu yangu.

Binti Mlandizi

Jamani tusitoke kwenye mada. Mada ni CHENI YA BAISKELI. Alivaa mkanda shingoni. Akageukia benchi. Nani kati yenu angevumilia?

Tairi Tatu

Samahanini. Mimi ndiye yule kijana wa bajaji. Dada, mimi sikucheka, nilitabasamu kwa sababu wote walikuwa wanacheka. Na gari sikuleta kwa sababu nilikuwa nasubiri abiria. Ila ulivyoondoka, yule fundi alikaa kimya kidogo, akavua mkanda, akaanza kusoma maandishi ya kwenye boksi kwa kidole. Akasoma, akageuza boksi, akasoma tena. Kisha akampigia mtu simu.

Binti Mlandizi

ALISEMA NINI KWENYE SIMU?

Kiti_Cha_Mbele

Nimesimama kwenye kiti.

Tairi Tatu

Alisema "eti ile ya 2011..." halafu abiria wangu akatoka, nikaondoka. Na huyo abiria kanipeleka Kimara kanilipa hela ya Ubungo, nikilalamika ananiambia kwani bajaji inatumia mafuta gani. Hawa watu wanatuonaje sisi?

Phoenix ya Babu

Hapo kwenye nauli nakuunga mkono. Jana nimempeleka mtu na godoro la sita kwa sita, kaniambia godoro halina uzito.

Gia ya Saba

Godoro!

Mjapani Daima

Bajaji ya mizigo unalipisha kwa kilo au kwa umbali?

Tairi Tatu

Kwa makubaliano. Na ngazi zikiwepo tunaongea upya.

Binti Mlandizi

Tairi Tatu, rudi. "Eti ile ya 2011" NINI?

Kahawa Chungu

Wakuu, nani anauza taa ya nyuma ya kulia ya Passo 2008? Isiwe ya Kichina.