"Kwani gari ni lazima?" Hivi ndivyo tunavyojibiwa tukidai vibao vya nambari

Ndugu zangu, nimetoka sasa hivi kwenye dirisha la ofisi inayotoa vibao vya nambari za magari, na damu bado inanichemka. Yule bwana wa dirishani mnamjua, sina haja ya kumtaja. Nilimweleza kwa adabu kwamba maji ya mvua yaling'oa kibao cha mbele cha gari langu hapa Mombasa, kwamba abstrakti ya polisi, ile hati ya kuonyesha nimeripoti, ninayo na ada nimeshalipa, na kwamba ninachotaka ni kujua vibao vipya vitatoka lini. Hakuinua uso. Aliendelea kukoroga chai yake, kisha akasema kwa sauti ya kusikika hadi Lamu: "Kwani gari ni lazima?"

Kwani gari ni lazima! Mbele ya foleni nzima, mbele ya akina mama wenye umri wa kumzaa!

Tangu Agosti 2022 magari mapya yanafungwa vibao vya kisasa, kuanzia herufi za KDK, nasi wenye magari ya zamani tukapewa miezi 18 tubadilishe kwa shilingi 3,000. Ukikutwa barabarani bila kibao, faini iliyowekwa ni shilingi 10,000. Sheria hiyo ikirekebishwa tena, anayetoa vibao naye awekewe siku ya mwisho, maana mimi nimewekewa yangu. Lakini hata hilo halijanichoma kama yale maneno. Kwani gari ni lazima? Watoto wangu wanakula kwa gari hilo!

Mkaazi wa Kisauni: Bwana, umeandika yote haya na bado hujatueleza ulimjibu nini. Mtu mzima anaulizwa swali dirishani, halafu anakuja kutulilia sisi?

Dereva wa Pwani: Mimi aliniambia nibandike karatasi yenye nambari. Nilibandika, na nikasimamishwa kwenye kila kizuizi kutoka Mtwapa hadi Malindi.

Mama Likoni: Nyinyi mnalilia kibao cha mbele, ilhali pikipiki zinazotupora simu hazina hata cha nyuma. Sheria ianze na hao.

Mwanaboda: Dada, usituchanganye na wezi. Mwizi ndiye anayekipinda kibao au kukifunika kwa kitambaa. Mimi changu nimekilipia na kinasomeka, lakini bado nasimamishwa kana kwamba sina.

Mama Likoni: Basi wataje, kwa sababu unawajua. Si mnaegesha steji moja?